Sentimita 14 za Keko

Ukitaja neno teknolojia mbele ya vijana wenzangu wa mjini, mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu. Kwetu sisi teknolojia ni kioo kinachowaka na kinachodai bando. Leo nataka tuzungumze teknolojia ya aina nyingine, ile ya vumbi na makelele, ambayo ukiigusa kwa kidole, kidole hakirudi. Nazungumzia msumeno wa meza. Ndiyo, msumeno! Msinikimbie jamani, kaeni kidogo. Humu mna hesabu, mna ugomvi wa baba na mwana, na mna swali moja ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia karakana ya seremala: msumeno wa meza ni meza ya chuma yenye mwanya katikati. Chini yake kuna mota, na kwenye mwanya huo linachomoza duara la chuma lenye meno, tuliite diski. Hapa fundi hapeleki msumeno kwenye ubao, anapeleka ubao kwenye msumeno. Upande wa kulia wa diski kuna kama kiukuta cha chuma, kinaitwa fensi. Ubao unaegemea fensi, unasukumwa mbele, na umbali kati ya fensi na diski ndio upana wa kipande utakachopata. Unataka sentimita 20? Weka fensi kwenye 20, ifunge, kisha kata vipande mia moja, vyote vitatoka mapacha. Utamu wa mashine hii uko hapo. Unapima mara moja tu.

Na kikwazo chake kiko hapo hapo. Fensi inatembea juu ya reli mbili, moja mbele ya meza na nyingine nyuma. Reli zikiisha, upana nao umeisha. Misumeno mingi midogo inaishia kwenye sentimita 61 hivi, yaani futi mbili. Bodi za kiwandani, plaiwudi na MDF na ndugu zao, kwa kawaida zina upana wa sentimita 122 na urefu wa 244, zile tunazoziita nne kwa nane. Nusu ya 122 ni 61. Kwa hiyo msumeno wa namna hii unafika katikati ya bodi, na kwa kazi nyingi hiyo inatosha.

Haikumtosha mtoto wa mjomba wangu.

Huyu bwana ana karakana Keko. Keko ni mtaa wa Temeke, hapa Dar es Salaam, ambao ukiutaja tu mtu anakuuliza unanunua kitanda au kochi. Barabarani pamepangwa makabati yanayong'aa vanishi, nyuma yake kuna mabanda ya mabati ambamo makabati hayo yanazaliwa. Banda la binamu yangu lina upana wa mita tatu na nusu. Msumeno wake ni mtumba kutoka Uingereza, wa diski ya inchi 10. Aliuchagua wa Uingereza kwa sababu umeme wao na wetu ni mmoja, volti 230. Wa Marekani ungemdai transfoma kabla haujamkatia hata fito.

Basi bwana, akapata oda. Meza nane za ofisi, MDF ya milimita 18, kila uso wa meza sentimita 75 kwa 180. Kwake hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote tangu afungue banda. Akala malipo ya awali, kwa maana ya kwamba aliyageuza kuwa bodi, akatengeneza meza mbili za mfano. Zikakataliwa! Mteja aliziweka zikitazamana, kama zitakavyokaa ofisini, na katikati pakabaki upenyo unaopitisha sarafu upande mmoja na kufa kabisa upande wa pili. Akaambiwa: una wiki mbili, lete zilizonyooka au rudisha hela. Hela yenyewe ilikuwa imesimama ukutani, bodi juu ya bodi.

Kwa nini zilipinda? Kwa sababu alizikata kwa msumeno wa mkono, wa umeme, akiufuatisha kwenye upau wa aluminiamu aliobana juu ya bodi. Njia hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba kila mkato unapimwa upya. Unapima huku, unapima kule, unabana, unakata. Meza nane zina kingo ndefu kumi na sita. Hata ukiwa makini kama mtu anayeshona kidonda, kipimo kimoja kitakukimbia milimita mbili. Fensi haina shida hiyo, ila fensi yake ilikuwa inagota kwenye 61, na uso wa meza ni 75. Zinakosekana sentimita 14. Urefu wa kalamu!

Hapa msomaji mwenye akili ya hesabu atauliza swali ambalo hata mimi nilimuuliza. Bodi ina 122. Ukitaka 75, si uweke fensi kwenye 46.7? Diski yenyewe inakula milimita 3, kipande kitakachobaki upande wa pili kitakuwa 75. Tatizo kwisha.

Akanicheka. "Dada, hiyo ni hesabu ya daftari."

Akanionyesha bodi zake. Zilikuja kwa guta kutoka dukani, kingo zimegongwa, kona moja imevimba kama mkate uliolowa. Ukingo wa namna hiyo lazima uondolewe. Sasa ukitumia hesabu yangu, kipande unachokitaka ndicho kinabaki upande usio na fensi, na upana wake unategemea upana wa bodi nzima pamoja na ule ukingo wa pili uliogongwa unaoegemea fensi. Bodi moja ikipishana na nyingine milimita mbili, na meza nazo zitapishana milimita mbili. Ili meza zote ziwe 75 kamili, kwanza unanyoosha ukingo mmoja, kisha ukingo huo ulionyooka ndio unauegemeza kwenye fensi, na fensi yenyewe iwe imekaa kwenye 75. Hakuna njia ya mkato. Nikanyamaza, nikatoa kalamu nikaanza kuandika.

Kulikuwa na njia nyingine. Maduka makubwa ya bodi yana mashine za kukatia bodi nzima, zile ambazo bodi inalala juu ya kitoroli kinachoteleza na kupita pembeni ya diski. Wazo hilo ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mjerumani Wilhelm Altendorf, seremala wa Berlin, ndiye aliyelitoa mwaka 1906, na mashine za namna hiyo leo zimejaa dunia nzima. Lakini kwenda huko ni kukodi kirikuu, kupanga foleni, kulipia kila mkato, na kurudi na kingo safi zikigongwa tena njiani. Na kununua mashine yake mwenyewe? Teh teh! Angeuza banda, na mashine isingekuwa na pa kukaa.

Akaamua kuupanua msumeno.

Wengi wetu tungedhani bodi pana inahitaji mota kubwa. Sivyo. Mota inasikia unene wa ubao unaopita kwenye meno, haijui kama upande wa kulia kuna sentimita 10 au 90. Milimita 18 ni zile zile. Diski haibadiliki, mota haibadiliki, umeme haubadiliki. Kinachohitajika ni reli ndefu zaidi, fensi inayoweza kusimama kule mbali bila kuyumba, na meza ya kuubeba ubao, kwa sababu bodi nzima ya MDF ya milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi. Ndiyo maana kazi hii inawezekana Keko kwa chuma cha dirisha na plaiwudi iliyobaki.

Siku aliyoanza kufungua reli za zamani, baba yake akatokea. Mjomba wangu naye ni seremala, aliyestaafu. Ana vidole nane. Viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye msumeno wa karakana fulani miaka ya 1980, karakana ambayo ilimpa pole na nauli ya kurudi nyumbani. Sijawahi kumsikia akisimulia siku hiyo. Tunaijua kwa jinsi anavyoshika kikombe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja kuandika habari ya kaka yako akikatika mkono?"

Binamu akajibu yeye. "Baba, sigusi mota, sigusi diski. Naongeza meza tu."

"Mashine ukiiongezea meza," mzee akasema, "umewaongezea na watu imani kwamba inaweza. Kesho mtu ataleta ubao ambao si wa mashine hii, na wewe hutakumbuka leo nilisema nini."

Hapo ugomvi ukawaka. Kijana anasema baba hataki aendelee, anataka abaki fundi wa stuli. Mzee anasema hajalea mtoto wa kuja kumkatia nyama kwenye sahani. Mimi nimekaa juu ya debe la rangi, kalamu mkononi, siandiki chochote. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikalisha kimya.

Maana hatari si hadithi. Diski ya inchi 10 ina mzingo wa karibu sentimita 80. Ikizunguka mara 4000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa mashine hizi, jino moja linasafiri karibu kilomita 190 kwa saa. Mbele ya diski, upande wa fundi, meno yanashuka, yanaukandamiza ubao kwenye meza. Nyuma ya diski meno yanapanda. Ubao ukipinda kidogo ukabanwa kati ya fensi na yale meno ya nyuma, yanaunyanyua na kuurusha kwa fundi kwa mwendo huo huo. Unampiga tumboni, na mkono uliokuwa unasukuma unaweza kuburutwa kuelekea diski. Yote hayo yanaisha kabla hujasema mama.

Wenzetu wamehangaika na jambo hili kwa sayansi nzito. Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass, mwanafizikia ambaye pia ni mwanasheria wa hataza, alibuni msumeno unaotambua ngozi ya binadamu kwa umeme mdogo unaopita kwenye diski. Ukiigusa, kipande cha aluminiamu kinarushwa kwenye meno na diski inasimama ndani ya sehemu 5 za elfu ya sekunde. Misumeno hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2004 chini ya jina la SawStop. Kidole kinabaki na mkwaruzo. Keko tunacho kijiti cha kusukumia ubao, na mjomba wangu.

Mwisho mzee alikubali, kwa masharti. Nayaandika hapa kwa sababu niliyapenda zaidi ya mashine yenyewe.

Sharti la kwanza, kile kisu cha nyuma kisitoke. Nyuma ya diski kuna bamba la chuma lililopinda kama mgongo wa diski, unene wake unakaribia unene wa mkato. Kazi yake ni kuzuia ubao uliokwisha kukatwa usifunge na kuyabana meno ya nyuma. Mafundi wengi wanaking'oa siku ya kwanza kwa sababu kinawaudhi, na kifuniko cha juu ya diski kinaondoka nacho. Binamu yangu alikuwa amekihifadhi kwenye kopo la misumari. Kikarudishwa, na kifuniko kikarudi juu yake.

Sharti la pili, hakuna mtu wa kuvuta ubao kwa nyuma. Pale karakana kuna dogo mmoja wa miaka 19 anayejifunza kazi, na kazi yake ilikuwa hiyo: bodi ikitokea upande wa pili anaipokea na kuivuta. Akivuta kwa mshazari kidogo tu, ameigeuza bodi juu ya diski, na atakayepigwa ni aliye mbele. Mzee akataka ijengwe meza ya kupokelea nyuma ya msumeno, na dogo asimame pembeni.

Sharti la tatu, swichi. Hili mimi nisingeliwaza hata kwa mwaka mzima. Ubao wa sentimita 75 unapokuwa mezani unaifunika swichi, na mkono hauifikii bila kuinama chini ya ubao. Kwa hiyo ukafungwa ubao mwembamba kwa bawaba mbele ya swichi, unaoning'inia mpaka usawa wa paja. Ukitaka kuzima unausukuma kwa paja, mikono ikiwa bado juu ya ubao. Rahisi hivyo!

La nne nitalisema baadaye.

Kazi ilichukua siku mbili. Reli mpya zilitokana na chuma cha pembe, kile cha kutengenezea mageti, vipande viwili vya mita moja na nusu. Matundu ya bolti hayakutobolewa duara bali marefu kama tundu la kifungo, ili reli iweze kupandishwa au kushushwa unywele kabla ya kukazwa. Fensi ikawa paipu ya mraba, na mbele yake kichwa kipana kinachoipanda reli, umbo lote likiwa kama herufi T. Jirani mchomeleaji alitaka kukichomelea kichwa moja kwa moja. Binamu akakataa. Moto wa kuchomelea unakivuta chuma kinapopoa, na kichwa kile kilikuwa na upana wa sentimita 30 tu wakati fensi ina urefu wa 80. Milimita moja ikipotea kwenye kichwa, kule mwisho wa fensi inakuwa karibu tatu. Wakatumia bolti, ili ikipinda inyooshwe.

Meza ya nyongeza ni plaiwudi mbili zilizogandishwa kwa gundi, juu yake fomika ili ubao uteleze. Chini ina miguu miwili yake yenyewe. Hii ni lazima, kwa sababu mashine ndogo ukiitundikia meza upande mmoja, siku ukiweka kilo 40 juu yake itapiga magoti. Kwenye nyayo za miguu kuna bolti za kuinulia na kushushia, maana sakafu ya banda ni ya Keko. Wakalaza upau wa aluminiamu juu ya meza zote mbili na kuchungulia mwanga chini yake. Meza mpya ikiwa juu kidogo, ubao unagota kwenye ukingo wake. Ikiwa chini, ubao unayumba katikati ya mkato. Walikaza na kulegeza mpaka mwanga ukapotea.

Kisha ikaja sehemu iliyonifundisha subira. Umeme umechomolewa. Juu ya meza ya msumeno kuna mfereji mwembamba unaokwenda sambamba na diski. Jino moja la diski likawekewa alama ya kalamu, likapimwa kutoka kwenye mfereji likiwa mbele. Diski ikazungushwa kwa mkono, jino lile lile likapimwa likiwa nyuma. Jino lile lile, kwa sababu meno hayako sawa, ukipima mawili tofauti unapima tofauti zao. Diski ilikuwa sawa. Baada ya hapo fensi ikapimwa kutoka kwenye mfereji ule ule, mbele na nyuma. Ikiwa nyuma imebana kuelekea diski, umetega ule mtego wa kurusha ubao. Bora iachie nyuma kwa unene wa karatasi kuliko ibane. Dogo alishika tepu, binamu alishika spana, mzee alishika kikombe cha chai akitazama.

Upana mpya: sentimita 92.

Kipande cha kwanza kilikuwa chipubodi ya bure. Mbele 75.0, nyuma 75.1. Bolti moja ikalegezwa, fensi ikapigwa kwa kiganja. Cha pili, 75.0 huku na huku. Nilitaka kupiga makofi, nikaona wenyewe hawapigi, nikatulia.

Siku iliyofuata zilipita bodi zote. Kila moja ilinyooshwa ukingo mmoja kwanza kwa msumeno wa mkono na upau, kisha ikaegemezwa fensi na kusukumwa. Hakuna aliyepima tena. Binamu alisimama kushoto kidogo, si kwenye mstari wa ubao, akatembea nao taratibu, kijiti mkononi kwa hatua za mwisho. Meza ya nyuma ilipokea. Dogo alisimama pembeni mikono mfukoni, amenuna, maana alijiona hana kazi.

Zikabaki zile kingo fupi, kukata urefu uwe sentimita 180. Nikauliza kwa nini wasipitishe nazo mezani, si mashine imeshapanuka? Hapo ndipo penye sharti la nne la mzee. Ubao ambao ukingo wake unaoegemea fensi ni mfupi kuliko upana unaokwenda mbali na fensi, hauendi kwenye fensi. Ukingo wa 75 hauwezi kuutuliza ubao wenye urefu wa 180 na zaidi. Utaanza kuzunguka kama mlango kwenye bawaba, utabanwa, utarushwa. Kazi hiyo ilirudi kwa msumeno wa mkono na upau, kama zamani. Mashine imepanuliwa kwa kazi moja, siyo kwa kila kinachoenea juu yake.

Meza nane zilipelekwa. Mteja akaziweka mbili zikitazamana, akatoa sarafu mfukoni, akajaribu. Haikupita. Akalipa.

Lakini habari za Keko hazifichiki. Wiki haijaisha, fundi wa banda la tatu akaja na mlango wa kabati, sentimita 90 kwa 50, anataka upunguzwe kutoka 90 uwe 85. Ukingo wa kuegemea ni ule wa 50. Binamu akamtazama, akatazama fensi, akakataa. Jamaa akaongeza hela. Akakataa tena. Jamaa akaondoka akisema mashine ya maonyesho hiyo. Mimi nilikuwepo, na niseme kweli, hela ile ilikuwa nzuri na siku ile mfukoni mwake hamkuwa na kitu. Mzee hakuwepo. Aliyekumbuka alikuwa yeye mwenyewe.

Sasa swali langu. Vidole viwili vya mjomba vilikwenda kwa pole na nauli. Tangu hapo nchi imetunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha mfuko ambao waajiri wanauchangia ili anayeumia kazini alipwe. Kwenye karatasi tumetoka mbali. Ila dogo wa miaka 19 hana karatasi. Hana mkataba, anapewa hela ya kula na anajifunza kazi kwa macho, kama binamu alivyojifunza, kama mjomba alivyojifunza. Kisu cha nyuma kipo, swichi ya paja ipo, meza ya kupokelea ipo. Hayo yanapunguza ajali. Siku ajali ikipita katikati ya hayo yote, jina la dogo limeandikwa wapi?

Nilimuuliza binamu. Hakukasirika. Alisema akimwandikisha dogo, itabidi banda lenyewe liandikishwe kwanza, na likiandikishwa kuna kodi, kuna ada, kuna watu watakaokuja na madaftari. Nikamwambia najua. Akasema, "Dada, nilipanua msumeno kwa sentimita 31 kwa siku mbili. Hiyo unayosema sijui nianzie kupima upande gani." Tukakubaliana kwamba wiki ijayo twende wote tukaulize, mimi kama mtu wa familia, siyo kama mwandishi. Nitawaambia tulichojibiwa.

Na wewe unayesoma hapa huku umeweka kiwiko juu ya meza ya ofisi, hebu pitisha mkono kwenye ukingo wake. Umenyooka? Kuna mtu aliunyoosha. Kama una fundi wako, siku ukimpelekea oda muulize bei, muulize siku ya kumaliza, halafu muulize na kile kisu cha nyuma kiko wapi. Kama kiko kwenye kopo la misumari, mwambie mjomba wangu anamsalimia.

Alamsiki.